Punje ya Tano

Kila Jumapili asubuhi hupita kwa Bibi Farha, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikamsaidia kumwagilia maua kisha tukanywa chai ya iliki. Lakini Pasaka ikikaribia, hakuna maua wala chai ya kukaa kitako. Kuna mchele tu.

Sisi ni Wayahudi ambao wazee wetu walitoka Baghdad, na ingawa tumeishi Sydney miaka mingi, Pasaka bila wali kwetu haijawa Pasaka. Siku hizo nane hatuli mkate uliotiwa chachu, wala hatubakizi nyumbani hata chembe yake. Ndiyo maana mchele wa sikukuu huchaguliwa punje kwa punje, mara tatu, mchana kweupe, isije ikawa ngano, ambayo ikilowa huchacha, imejificha humo. Punje moja ya ngano ikichemka ndani ya sufuria, wali wote hauliki. Bibi aliifanya kazi hiyo kwa miaka hamsini. Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu, akanisogezea mimi sinia.

"Dalya, una miaka kumi na miwili sasa. Kilo tano hizi ni zako. Watu kumi na wanane watakula kwa kukuamini wewe. Usinitie aibu, mjukuu wangu."

Acha nivimbe kichwa! Binamu zangu wote walikuwa wakiitamani kazi ile.

Mara ya kwanza niliona kijiwe kimoja na chuya mbili. Mara ya pili sikuona kitu. Ya tatu ilipofika, Jumapili ile, nilikuwa nimekaa barazani, shingo inauma, swali likinitafuna. Hivi kuna mtu aliyewahi kuiona hiyo ngano, au wazee wanatutesa tu?

"Bibi," niliita kupitia dirishani, "wewe umewahi kuona ngano kwenye mchele?"

"Mama yangu aliwahi."

"Wewe je?"

"Chagua mchele, mtoto wee."

Nikacheka peke yangu. Kumbe hajawahi!

Mara akatokea Hindy, jirani yetu ninayesoma naye darasa moja. Wazee wake walitoka Poland, nao wakati wa Pasaka hawagusi wali kabisa. Alikuwa amevaa koti lake la kulishia kuku.

"Mama kanifukuza nje, eti nikakung'ute mifuko," alisema. "Bado unahesabu mchele? Sisi tumejipunguzia taabu. Tunakula viazi, basi."

"Viazi siku nane! Ndiyo maana sura zenu zimekuwa kama viazi."

"Bora kiazi kuliko mtumwa wa sinia. Hata hiyo ngano ikiwemo, wewe huwezi kuiona."

Aligeuza mfuko nje, na ngano ya kuku ikamwagika kwenye kiganja chake. Nikaitazama. Hapo ndipo udadisi wangu uliponiponza.

"Nipe punje tano," nilisema.

"Za nini?"

"Zitie kwenye sinia hili, mimi nikiwa nimefumba macho. Nataka kujua kama kweli naona."

"Una wazimu? Ngano kwenye mchele wa Pasaka?"

"Nitazitoa sasa hivi. Ni majaribio, kama ya darasa la sayansi."

Hindy alisitasita, lakini na yeye alitaka kuona. Akazitia, akakoroga kwa kidole. Nikafumbua macho nikaanza kazi. Ya kwanza niliiona papo hapo. Ya pili, ya tatu. Ya nne ilinichukua muda, ilikuwa ukingoni mwa sinia. Ya tano sikuiona. Nilipitisha mchele wote tena, nikapitisha mara nyingine. Kasuku wawili wa kijani walitua kwenye ukuta wa baraza wakitupigia kelele, nami jasho likinitoka.

"Una hakika zilikuwa tano?" nilinong'ona.

"Tano. Nilizihesabu."

Mkongojo wa Bibi ukagonga sakafu, ukija. "Dalya! Umemaliza?"

Sijui ni shetani gani aliyenishika mkono. Nililiinamisha sinia, nikaumimina mchele wote kwenye mfuko mkubwa mweupe, pamoja na ule uliokwisha kuchaguliwa.

"Nimemaliza, Bibi."

"Mikono yako ibarikiwe!" Akanibusu kipajini, akaubeba mfuko ndani.

Hindy alinitolea macho. "Umefanya nini?"

"Kasuku ameila. Nimemwona."

Sikuwa nimemwona. Hao kasuku hawakuligusa hata hilo sinia.

Kesho yake nilipotoka shule nilipitia kwa Bibi. Mama alikuwepo, akitwanga lozi za kutia kwenye asali ya tende. Bibi alikuwa akiongea na Shangazi Georgette kwenye simu, na kicheko chake kilijaa jikoni.

"Mchele? Wewe njoo ule, usiwe na wasiwasi. Safari hii kachagua Dalya. Ana macho ya kipanga huyo!"

Nikawaona akilini watu kumi na wanane wamezunguka meza, kila mmoja na sahani yake, na mimi pekee nikijua.

"Bibi, kata simu."

"Nini?"

"Tafadhali, Bibi. Kata simu."

Nikawaambia yote bila kuvuta pumzi: koti, punje tano, mfuko mweupe, uongo wa kasuku. Mama aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Umetia ngano? Kwa mkono wako mwenyewe? Na Pasaka ni kesho jioni!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

"Kwa nini hukusema jana?" aliuliza Bibi.

"Niliogopa utaninyang'anya kazi."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa. Lakini wali naogopa zaidi."

Mdomo wa Bibi ulitaka kucheka, akauzuia. "Jua bado lipo. Leteni masinia yote barazani. Na kamwite huyo mwenye kuku."

Hindy alikuja mbio, kichwa chini, akaomba msamaha kabla hajaulizwa. Tukakaa wanne. Mimi, Mama na Hindy tulitumia macho. Bibi alifumba yake akawa anasukuma mchele kwa ncha za vidole, taratibu. Tulipofika nusu ya mfuko, Hindy aliruka juu.

"Hii hapa! Nono, ya manjano, ya kuku wetu hii!"

Nilimkumbatia mpaka mchele ukamwagika. Mama alianza kukusanya masinia. "Haya, asante Mungu. Tufunge, nina sufuria za kusugua."

"Kaa chini," alisema Bibi. "Mfuko haujaisha. Kazi haiachwi nusu."

Mama aliguna, akakaa. Tuliendelea mpaka masinia mawili ya mwisho. Hapo kidole cha Bibi kikasimama. Akakirudisha nyuma, akabana kitu, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Na hii je? Ina mfereji tumboni."

Tuliinama sote. Ilikuwa punje ya ngano, nyembamba, nyeusi nyeusi, imekunjamana.

"Si yetu hiyo!" alisema Hindy. "Haki ya Mungu tulitia tano tu!"

Nilipitisha mchele ule mara zote bila kuiona. Hakuna aliyeitia, ilitoka nao shambani.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. "Miaka hamsini! Miaka hamsini nakutafuta, mwanaharamu wee!" Kisha akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Dalya, ungenyamaza jana ukanyamaza na leo, hii ingechemka kesho pamoja na ile yenu. Kujaribu macho yako si dhambi. Ungeniambia, tungejaribu pamoja kwa sinia la pembeni. Kosa ni lile neno lako, 'nimemaliza.' Mtu akisema alipokosea, watu hukaa naye wakatafuta, na wakitafuta huona hata wasichokijua. Akificha, hubaki peke yake na ngano yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Kwa hiyo mwakani kazi umenipokonya?"

"Nikupokonye nimpe nani? Mwakani tutachagua sote wawili. Wewe lete macho, mimi nilete vidole. Sasa kaitupe hiyo kwa kuku wa Hindy, kisha urudi utwange lozi."