Mwenzake Maren wa Kukaa Kimya

Ilianza na kahawa. Dwight alimpelekea mkewe kikombe, Maren akakipokea bila kugeuka, akakiacha mezani mpaka kahawa ikaweka utando. Mwanamke ambaye hakuweza kuandika robo ukurasa bila kuinuka kuchungulia theluji, sasa alinata kitini kama ulimbo.

"Nimepata mwenzangu wa kazi," alisema jioni, macho yakimng'aa. "Tunaonana kwenye kompyuta. Kila mtu anataja kazi yake, tunawasha saa, tunanyamaza. Nikitaka kuzubaa, nakumbuka ananiangalia."

"Ni mwanamume?"

"Dwight, acha ushamba! Mtu ananisaidia nimalize kitabu, we unauliza kama kavaa suruali au gauni?"

Wivu ulimchoma Dwight pabaya, maana miaka yote ya ndoa yao pale mjini Duluth Maren hakuwahi kumkazia yeye macho namna ile. Na chumba alichoandikia Maren kilikuwa kimeanza kunuka nywele zilizoungua.

Jumamosi, Maren alipotoka kununua maziwa, Dwight aliingia akajitupa kitini pake. Kwenye kompyuta kilionekana kiti kitupu, na nyuma yake ukuta wa chumba hikihiki, na picha yao ya harusi, ila bibi harusi alisimama peke yake.

"Taja kazi yako," sauti ikanong'ona.

"Kukutoa kwa mke wangu, mwanaharamu we!"

"Mkeo? Yule nikimpa kisogo tu anapiga miayo. Mimi nilitaka mtu asiyepepesa. Mwenye macho haambiwi tazama, bwana, sembuse mwenye wivu."

Dwight alitaka kuinuka lakini magoti hayakumsikia, na kile kiti kitupu kikabonyea kama kimekaliwa, na pumzi ya moto ikampitia shingoni, na akasikia mlango, akasikia Maren akikung'uta viatu, akimwita kwa kicheko, kisha akimwita bila kicheko, na roho yake yote ikamlilia mwanamke yule aliyemwonea wivu kiasi kile, ila macho yakakataa kubanduka kwenye kompyuta.

"Dwight? Mume wangu, unanitisha. Nitazame, basi."

Maren aliifunga kompyuta kwa kishindo, akaing'oa waya, akaikumbatia kifuani. Hapo Dwight akainua uso taratibu kuelekea kwake, na Maren akalia kwa furaha.

"Uko salama!"

Akaisogeza kompyuta kushoto ili amkumbatie, na macho ya mumewe yakaenda nayo.