Kiatu cha Rehani

Sogeeni, sogeeni hapa. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kucheka acheke sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa. Na mlioacha viatu nje, viingizeni ndani kwanza. Mtajua kwa nini.

Palikuwa na msitu uliobanana na jiji kubwa, hata ukisimama langoni ulisikia honi kwa sikio moja na vyura kwa sikio la pili. Watu wa jiji walikuja kuutembelea kila siku ya Mungu. Na kwa kuwa humo ndani tope halikauki hata kiangazi, langoni palikuwa na chumba cha mbao ambamo mgeni alivua viatu vyake, akapewa mabuti ya mpira na kibao chenye namba. Viatu vilibaki rafuni, rehani. Jioni unarudisha mabuti na kibao, unachukua viatu vyako, unakwenda zako.

Mwenye chumba hicho aliitwa Mama Mabuti. Miaka ishirini na miwili alikuwa nyuma ya kaunta ile, mgongo umepinda, akiosha mabuti na kuyatundika misumarini kichwa chini. Sura za watu hakuzijua. Alijua miguu. Na kila aliyerudisha mabuti alimwambia neno lile lile, bila kuinua kichwa: "Karibu tena."

Kazi hiyo aliachiwa na shangazi yake, mzee mwenye ulimi wa wembe, ambaye uzee ulipomlaza alihamia nyumbani kwa Mama Mabuti, chumba cha pili. Siku ya kumkabidhi ufunguo alimwambia, "Buti likipotea, limepotea. Lakini kiatu cha rehani hakivaliwi, mwanangu. Kaa nacho mpaka kioze."

Sasa jioni moja Mama Mabuti alipomaliza kutundika, msumari namba kumi na tisa ulikuwa mtupu. Rafuni, mahali pa kumi na tisa, palikuwa na jozi ya viatu vyeusi. Akavigeuza. Soli zake hazikuwa na vumbi wala mkwaruzo, kama viatu visivyowahi kukanyaga ardhi.

Akamwita mwongoza wageni, ambaye kwa kusema kwake bila kupumua walimwita Redio.

"Leo uliingia na watu wangapi?"

"Kumi na wanane. Nikatoka na kumi na wanane. Kwani vipi?"

"Kuna viatu vya mtu wa kumi na tisa."

"Labda ni vyangu vya arusi, maana na mchumba mwenyewe simwoni," Redio akasema, akacheka peke yake.

Mama Mabuti akaamini kwamba mgeni fulani kaiba mabuti, kaondoka nayo. Siku tatu alingoja. Siku ya nne binti yake wa mwisho, Kitinda, alipata kazi ya mapokezi hospitali ya macho, na masharti yalikuwa viatu vyeusi vya kufunika. Mtoto alikuwa na ndala tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama Mabuti akavifunga viatu vile ndani ya kanga, akaenda navyo nyumbani.

Njiani mvua ikamkamata, naye akavijaribu. Vikamtosha. Alipofika nyumbani Kitinda akavijaribu. Vikamtosha. Na mguu wa mama na wa binti haukulingana hata kidogo. Mmoja mpana kama jembe, mwingine mwembamba kama mwiko. Mama aliliona hilo. Akalimeza.

Jioni ya kwanza Kitinda alichelewa. "Nilipitiliza kituo kimoja, mama. Nilisinzia." Jioni ya pili akapitiliza viwili. Jioni ya tatu akarudi na majani kwenye nywele, uso umemshuka.

"Mama," akanong'ona, "sisinzii. Ikifika saa kumi na moja, miguu inaondoka kabla yangu. Mimi naifuata tu."

"Vua hivyo viatu."

"Haviachii."

Mama akavuta. Ngozi ya kifundo ikajivuta pamoja na kiatu, nyeupe, imejikunja, kama ya mtu aliyeshinda majini siku nzima. Kitinda akapiga yowe, mama akaacha.

Na saa ile ile ya jua kushuka, ndani ya nyumba kulikuwa na mengine. Siku ya kwanza lilikuwa tope mlangoni, na harufu ya uyoga na majani yaliyooza. Siku ya pili Mama Mabuti akiwa jikoni alisikia: chwap. Chwap. Mlio wa mabuti yaliyojaa maji, ukipita ukumbini taratibu, kama mgeni anayetazama picha ukutani. Alipochungulia hapakuwa na mtu, ila nyayo sakafuni, na chini ya kisigino cha kulia alama ya kiraka cha mviringo. Kiraka kile alikibandika yeye mwenyewe, kwa gundi ya baiskeli, kwenye buti namba kumi na tisa. Siku ya tatu nyayo hazikuishia ukumbini, ziliingia chumba cha Kitinda, zikazunguka kitanda, zikasimama upande wa mto, na godoro, ambalo mtoto alikuwa hajarudi kulilalia, lilikuwa limebonyea katikati, limelowa, na bado linapanda na kushuka, polepole, kama mtu aliyelala anavyopumua.

Akakimbilia chumba cha shangazi.

"Nimesikia," kikongwe akasema kabla hajaulizwa. "Masikio yangu hayajafa. Umekula rehani ya mtu."

"Shangazi, nilidhani ni mwizi wa mabuti."

"Mwizi ni wewe, na mimi nakupenda hivyo hivyo. Sikiliza. Huyo wa kumi na tisa alikopa mabuti aone watu tunavyotembea. Sasa mwanao anavutwa msituni, naye anasogea hapa. Kesho mtoto atavuka lango, na huyo atalala kitandani kwa mtoto, akuamkie shikamoo asubuhi, nawe utaitikia marahaba."

"Nimwite mganga?"

"Mganga wa nini? Ana kibao, ana mabuti. Mhudumie kama mgeni yeyote. Ila usimtazame usoni. Ukimtambua tu, umemkubali."

Kesho yake hawakungoja miguu iwachukue. Walikwenda wenyewe, na mvua ilikuwa inanyesha mchana kweupe. Redio aliwatoa wageni, akatazama viatu vya Kitinda, akaondoka bila kutania. Mama Mabuti akamkalisha binti yake sakafuni nyuma ya kaunta, akainama kama alivyoinama miaka ishirini na miwili, akangoja.

Saa kumi na moja vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Harufu ya uyoga ikaja kwanza. Kisha ngazi za mbao: chwap. Chwap. Chwap. Kitu kikawekwa juu ya kaunta. Kibao, kimeota ukungu.

"Namba yako?" akauliza.

"Kumi na tisa, mama."

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Na Kitinda alikuwa nyuma yake, ameuma kanga.

Mama Mabuti akazunguka kaunta kwa magoti, macho sakafuni, akashika buti la kulia akalivuta, na nje buti lilikuwa kavu safi ila tope lote lilikuwa ndani, vuguvugu, likamwagika mapajani mwake, na katika tope lile ukatoka mguu mwembamba kama mwiko, na juu ya mguu ule kovu la uji wa moto, kovu alilolipuliza yeye mwenyewe usiku kucha mtoto akiwa na miaka miwili, na sauti ikamshukia utosini, laini, yenye kilio, "Mama, niangalie basi, mbona huniangalii, mimi ndiye mwanao, yule hapo nyuma si mtu," na shingo yake ikaanza kuinuka yenyewe, kwa sababu hakuna mama duniani ambaye shingo yake haitainuka, akaing'ata kanga yake mpaka meno yakauma, akavuta buti la pili.

Nyuma ya kaunta viatu vyeusi vikamtoka Kitinda vyenyewe: ko, ko. Kitinda akavisukuma kwa mkono. Mama akavipangusa kwa upindo wa gauni, akaviweka mbele ya miguu ile, kisigino kwa kisigino.

Ikavaa. "Asante," ikasema, na sasa haikuwa sauti ya mtu yeyote.

Na Mama Mabuti, machozi ya nafuu yakimtoka, mwanawe hai nyuma yake, akasema neno alilolisema kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, lililotoka lenyewe kama pumzi:

"Karibu tena."

Hatua zikasimama mlangoni. Zikakaa kidogo. Zikashuka ngazi.

Basi, baada ya hapo shangazi alifariki, akamwachia pete yake ya fedha Redio, ambaye aliivaa na kupungukiwa maneno tangu siku ile. Mama Mabuti alipochoka mgongo, nyumba ilikwenda kwa watoto wake wakubwa. Kitinda alirithi ufunguo na kaunta, kwa sababu hospitali ya macho haikuweza kukaa na mtu ambaye nyayo zake huacha maji sakafuni, masika na kiangazi.

Na mabuti namba kumi na tisa hayakurithiwa. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, Kitinda huyaosha, huyaweka juu ya kaunta, na huinama. Yana mwenyewe. Alikaribishwa.