Vipimo Viwili vya Anjelina

Kila Jumamosi, akishamaliza kuanika sare zake, Anjelina alikwenda Kizota kwenye karakana ya mjomba wake, Lameck. Mjomba alikuwa mhunzi. Alitengeneza tindo za kukatia chuma kwa springi kuukuu za malori, na Anjelina hakuchoka kutazama mvuke ukifuka chuma chekundu kilipoingia kwenye ndoo ya maji.

Jumamosi hiyo alibeba daftari. Klabu ya sayansi ya shule yao ingepeleka kazi moja tu kwenye maonyesho ya mkoa siku ya Jumatano, nayo ilikuwa yake. Mwalimu Asma alikuwa amewapa programu ya kompyuta inayokokotoa yanayotokea ndani ya chuma cha pua kinapopoa. Kikipoa polepole, chembe zake hupata muda wa kujipanga upya, na chuma huwa laini. Kikipozwa ghafla, chembe hunaswa kabla ya kujipanga, na chuma huwa kigumu lakini rahisi kuvunjika. Anjelina aliiambia programu kwamba tindo moja ya mjomba ilizamishwa yote majini. Ikajibu kuwa sehemu zote tano alizozigawa, kuanzia ncha hadi kichwa, zitakuwa ngumu, kila moja ikihitaji misuguo kama arobaini ya tupa.

Kisha, hapo hapo shuleni, aliipima tindo yenyewe kwa tupa, sehemu kwa sehemu, akihesabu misuguo hadi mkwaruzo uonekane. Ncha ilihitaji misuguo arobaini. Kichwani, panapogongwa nyundo, ilitosha sita. Elisha, jirani yake wa dawati, alimtania kwamba kompyuta nzima imeshindwa na kipande cha springi. Anjelina hakucheka. Alifuta vipimo viwili vya mwisho, vya upande wa kichwa, mahali pake akaandika thelathini na nane na thelathini na tisa.

Sasa, pale karakanani, mjomba alivaa miwani, akasoma jedwali mstari kwa mstari.

"Tindo hii uliipima wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kichwa kikiwa kigumu hivi, nikikigonga kinaruka vipande. Ningeshakuwa chongo zamani. Mimi nazamisha ncha tu, urefu wa kidole. Kichwa kinapoa chenyewe hewani."

Anjelina aliinamisha uso. Mara zote hizo alikuwa ametazama mvuke. Hakuwahi kutazama chuma kinaishia wapi majini.

Jumatatu, kabla ya kwenda mstarini, alimweleza Mwalimu Asma yote. Mwalimu alimwamuru apime upya, kwa kuwa vipimo vya kweli vilikuwa vimefutwa. Jioni waliiambia programu jambo sahihi: ncha majini, sehemu nyingine hewani. Safari hii vipimo vinne vikalingana na hesabu ya kompyuta. Cha katikati kilipishana nayo kwa misuguo saba.

"Hicho kirekebishe basi," Elisha alinong'ona. "Utaalamu si unao?"

"Kitabaki hivyo hivyo," Anjelina alisema, akaandika pembeni: *Sababu bado haijajulikana.*

Mwalimu Asma aliusoma mstari huo mara mbili, kisha akatia saini fomu ya maonyesho.

"Kompyuta hukokotoa ulichoiambia tu," alisema. "Haikuwahi kufika Kizota. Vipimo vile viwili ndivyo vilivyokuwa vinakuonyesha ulipokosea, nawe ukavifuta. Anayeficha kipimo hujinyima jibu. Keshokutwa njoo na tindo, na tupa usiisahau. Waamuzi watataka kuhesabu wenyewe."