Namba Arobaini na Moja Hakukimbia

Jua lilikuwa linazama, na ghala la makumbusho lilibaki na watu wawili tu: Gundi, na mwingine aliyekufa zamani hata miaka yake haihesabiki.

Gundi ni jina la utani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mifupa na vyungu vya kale, na wenzake walidai hata chai yake inanata. Jioni ile alibaki ili afunge sanduku namba arobaini na moja, la mpiganaji aliyezikwa na upanga wake. Kazi ya dakika kumi. Lakini mkobani alikuwa na kitabu kipya cha mdogo wake, na kitabu kilikuwa kinamwasha kama upupu.

Mdogo wake aliandika riwaya za bei rahisi, zile za mapanga, wachawi na mashujaa wenye vifua kama milango. Wasomi walizicheka; watu wakazigombea kama njugu. Gundi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akaacha shule ili yeye asome. Na ndiye aliyemnong'oneza siri za kazi: upanga ulipindaje, mkanda ulifungwaje. Kitabu hiki kipya kilimhusu arobaini na moja mwenyewe. Mdogo wake alimkabidhi asubuhi, kimefungwa kwa karatasi.

"Dada, ukifungue hukohuko kazini. Umsomee yeye ukurasa wa kwanza. Kwa sauti."

"Niisomee mifupa? Una wazimu wewe?"

"Ni zawadi yangu, dada. Niahidi."

Mle ghalani kulikuwa na mwiko mmoja: mfupa huambiwa namba na vipimo, hauambiwi hadithi. Wazee wa kazi walisema hadithi humwamsha mwenyewe akaja kuisahihisha. Gundi aliujua mwiko huo vizuri. Lakini kwa mdogo wake hakuwa na ujanja.

Akachana karatasi. Akasoma bila hata kutazama jalada.

"Alikuwa mwoga katika jeshi la mashujaa. Aliwasaliti wenzake, akatimua mbio, na mkuki ukampata mgongoni..."

Akarudi nyuma, akaisoma tena kimoyomoyo.

Uongo mtupu. Ripoti ya mifupa ile aliiandika yeye, na mdogo wake aliisoma. Ncha ya mkuki iliyobaki kwenye mfupa wa bega ilikuwa na chapa ileile iliyokuwa kwenye upanga: mhunzi mmoja, kambi moja. Tena iliingia kutoka juu, kwa mtu aliyeketi. Huyu alichomwa na mtu wa kwao.

Harufu ikaja. Udongo mbichi... na chuma.

Kifuniko cha sanduku kikasogea. Kidogo tu.

Krrr...

Gundi akakifunga kitabu, na ndipo alipoliona jalada. Jina la mwandishi lilikuwa lake. Jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Akampigia simu mdogo wake. Ikapokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Umesoma?" mdogo wake alinong'ona. "Kwa sauti?"

"Kwa nini umeweka jina langu?"

"Nisamehe, dada. Tangu nianze kumwandika anakuja kila magharibi. Anasimama nyuma ya kiti changu. Mganga akaniambia anamtafuta mwenye hadithi... Nikaona nimtafutie mwingine."

Mwingine! Uchungu ulimjaa Gundi, mpaka hofu yenyewe ikakosa nafasi. Miaka yote ile, kumbe yeye alikuwa mwingine.

Kitu kikasimama nyuma yake.

Hakugeuka.

"Nilikimbia?" sauti iliuliza, kavu, karibu kabisa na sikio.

"Hapana," alijibu huku machozi yakimtoka. "Ulikuwa umeketi. Aliyekuchoma ni mtu wa kwenu."

Harufu ya chuma ikazidi.

"Alikuwa mdogo wangu," sauti ikasema. "Na huu uongo, kauandika nani?"

Gundi alijua kwamba jibu lolote lingemwondoa mtu duniani. Kwenye simu mdogo wake alikuwa analia kwa kwikwi.

"Dada, tafadhali... Sema ni wewe. Sema tu ni wewe."

Gundi aliinyoosha simu nyuma, juu ya bega lake, ili aliyesimama pale asikie kile kilio.

Harufu ikakatika. Kifuniko kikatulia. Gundi akairudisha simu sikioni, na kule kwa mdogo wake mtu alikuwa anabisha hodi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akasikia nyayo za mdogo wake zikienda mlangoni, kisha komeo. Kisha sauti yake, imejaa nafuu ya mtu aliyesamehewa.

"Dada! Kumbe ulikuwa njiani? Ingia, ingia... Mbona unanuka udongo?"

Maneno mawili yangetosha. Si mimi. Alikuwa na pumzi ya kuyasema, na mdomo ulikuwa tayari wazi.

Akakata simu.

Polisi walikuta mlango haujafungwa na vikombe viwili vya chai mezani, kimoja hakijaguswa. Mdogo wake hajaonekana hadi leo. Walipomuuliza Gundi kwa nini mazungumzo yao yalikatika ghafla, aliwatazama usoni bila kupepesa, akawaambia simu iliisha chaji.