Zana ya Kuita Mtu

Rafiki yangu Muthoki, wa kule mtaa wa Fedha, huandika maelezo ya zana ambazo akili bandia huzitumia mitambo ya kampuni yao inapoharibika. Jioni moja, akiwa nyumbani, alifikia zana ambayo mwenzake Wanyoike alikuwa ameieleza kwa maneno mawili tu: "Huita mtu."

Akafyonya, akampigia simu.

"Wanyoike, hata mtoto wa chekechea angeandika vizuri kuliko hivi. Mtu gani? Nisipoweka jina, itaita nani?"

"Weka jina tu, Muthoki."

"Umeshindwa kujibu, sivyo? Ndiyo maana uchafu wako huletwa kwangu."

"Tafadhali, weka jina."

Alimkatia simu, akaiamuru akili bandia itumie zana hiyo bila jina lolote, apate kosa la kumwonyesha mkubwa wao. Jibu lilikuja papo hapo: "Nimeita. Amepokea. Anakuja."

"Takataka," Muthoki akasema.

Stima ikapotea. Mtaa mzima ukawa giza, redio za majirani zikanyamaza. Katika kimya hicho akasikia nyayo kwenye ngazi, nzito, za mtu asiye na haraka. Akadhani ni mlinzi. Akafungua mlango tayari kumgombeza, akamulika chini kwa simu.

Ngazi zilikuwa tupu. Nyayo bado zilikuwa zikija, zikishuka taratibu kutoka juu ya kichwa chake, mahali ambapo hapana orofa wala ngazi, ni mabati tu.