Sindano ya Mkula
"Chanjo ya sumu imetoka, Scola. Inachomwa saa nne kamili. Josho gani la ng'ombe, hatujui."

Sauti ya Masalu, mkuu wake wa upelelezi, ikakatika kwenye redio ya Motorola.

Saa tatu na dakika tano. Scola aliegesha pikipiki yake, Boxer, kando ya barabara, Mwamanyili, akafungua kompyuta ya HP juu ya tangi la mafuta.

Watu waliotumwa kutoka nje wangewachoma ng'ombe ugonjwa, wauite chanjo. Wiki moja tu, Simiyu ingebaki na mazizi matupu.

Taarifa za mzigo wao walizificha kwenye tovuti ya usafirishaji, katikati ya mizigo halali. Kila ukurasa mzigo mmoja. Nywila Scola alishaiba. Aliandika programu ya Python inayofungua kurasa yenyewe, ikitafuta alama ya mzigo huo, BX-40.

Hakuna.

Hakuna.

Hakuna.

Saa tatu na nusu Masalu akauliza tena. Askari walikuwa Lamadi, gari linanguruma, hawajui waelekee wapi.

Scola hakupapatika. Aliacha kusoma majibu, akautazama ukurasa wenyewe ukifunguka. Picha ya Fuso jekundu. Ukafungwa, ukafunguka. Fuso lile lile. Mara ya tatu, lile lile.

Akarudi kwenye programu.

Kosa lilikuwa lake. Ndani ya fankshini aliyoiita tafuta, kile kipande cha maagizo kinachoitwa kila mara, aliandika ukurasa = 1. Kila kilipoitwa kilisahau kilipofikia. Kama mchungaji anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini, na kila anayepita anamwita wa kwanza.

Dakika ishirini na tano. Ukurasa mmoja.

Akautoa mstari huo nje ya fankshini, usomwe mara moja tu mwanzoni. Mwisho wa fankshini akaweka return ukurasa + 1. Kwenye mzunguko akaandika:

ukurasa = tafuta(ukurasa)

Ikimaliza, irudishe namba. Ikiitwa tena, ikabidhiwe namba hiyo.

Mbili. Tatu. Nne.

Thelathini na saba. BX-40. Josho la Mkula.

"Mkula," akasema redioni.

"Wewe uko karibu?"

"Nimeshaondoka."

Alipofika, mwanamume wa koti jeupe alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Milembe, mwanamke mwenye ng'ombe kumi na mmoja na ulimi mkali.

"Panga foleni, binti. Sisi tuko hapa tangu alfajiri, wewe unatuletea pikipiki."

Sindano ilishagusa shingo. Scola akaudaka mkono wa yule mwanamume, akaupinda, sindano ikaanguka kwenye tope. Mkono wake wa pili ukazama ndani ya koti.

Bastola ya Scola, Glock, ikawahi kufika sikioni mwake.

"Utoe taratibu, daktari. Ng'ombe wa mayu, mama yetu huyu, wasije wakashtuka."

Akautoa. Mtupu.

Askari wa Lamadi wakafika, wakamfunga pingu. Milembe akataka kujua sasa nani atawachanja. Scola akamweleza kwa adabu kwamba bwana mifugo wa kata anakuja na chanjo halisi.

"Basi naye aje mbio kama wewe."

Scola akafunga sanduku la dawa nyuma ya Boxer, akavaa helmeti, akapita katikati ya kundi kwa gia ya kwanza, polepole, ng'ombe wasitawanyike.