Amabile Iko Inje

— Hubert, Amabile ni nani?

Hubert aliinua uso kutoka kwenye beseni. Alikuwa ananawa tope la barabara ya kutoka Mubi mpaka hapa Karuba, kwa wakwe. Jumamosi angemuoa Claudette, huyu aliyemuuliza. Ng'ombe za mahari zilikuwa tayari kwenye uwanja.

— Umeshika telefone yangu?

— Telefone njo ilinishika! Sikiliza rafiki yako Sebahire wa Goma: "Kaka, Amabile alifika muzuri? Iko mwekundu, mutamu kidogo, haina ukali kama Secco. Dolce niliacha, ingekuchosha. Claudette asimuone mbele ya ndoa."

Hubert akacheka. Hapo njo alikosea.

— Unacheka! Mukali, wa kuchosha, na huyu mwekundu wako. Mimi mweusi nilikuwa wa kulima tu? Iko wapi?

— Iko inje, kwa pikipiki.

— Umemuleta kwetu!

— Claudette, ni mambo ya kunywa...

— Anakunywa tena!

Mama Emérita alitokea jikoni, rozari mukononi.

— Binti yangu, ng'ombe zinarudi ao zinabaki? Sema, nisiendelee kuzikatia majani.

— Zinarudi, mama!

Machozi yalikuwa yanamushuka. Hubert aliona sasa haikuwa muchezo. Alikimbia inje, akarudi na chupa iliyofungwa mu majani ya mugomba.

— Salimia Amabile.

Claudette akasoma pole pole: Lambrusco. Chini yake, herufi ndogo: amabile.

— Divai ya Italia, nyekundu, yenye povu. Secco haina sukari. Dolce ni sukari tupu. Amabile iko kati-kati. Si ulisema kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inafurahisha kinywa, lakini divai ya misa njo iko na heshima? Nikatafuta yenye kuwa na vyote viwili. Ilikuwa ya kukushangaza siku ya ndoa.

— Fungua.

Barabara ilikuwa imeitikisa. Povu jekundu liliruka mupaka kwenye kikwembe alichovaa Claudette. Mama Emérita akafanya alama ya musalaba. Claudette alionja, akaonja tena.

— Mama, endelea kukata majani.

Halafu akamurudishia Hubert telefone.

— Kweli, iko mutamu. Lakini Sebahire aandike "chupa". Jina la huyu mwanamuke nisilione tena humu.